Gazeti la Wasiotulia

Wifi yangu alikwenda Amerika kusomea uuguzi, akakaa huko huko, na kila mwaka dhamiri ilipomsumbua alitutumia sanduku. Ndani yake tulikuta suruali za watu wanene kuliko ukoo wetu wote, sabuni ndogo ndogo za hotelini, na chupa za dawa ya kikohozi zilizokwisha kupitwa na tarehe. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, tulikuta gazeti. Vitabuni huitwa jarida, nami ni mwalimu, najua. Lakini kwetu upande wa Kapkatet kila karatasi yenye picha na habari ni gazeti, na kwa ajili ya yaliyofuata sina budi kuliita hivyo. Kwenye jalada walikaa Wazungu wanne juu ya kochi jeupe, baba, mama na watoto wawili, wote wanacheka, na mbwa wao pia amefungua mdomo. Nilidhani ni gazeti la mambo ya meno.

Kumbe lilikuwa gazeti la watu wasiotulia. Sitanii. Amerika walikuwa na gazeti zima, la rangi, la karatasi inayong'aa, kwa ajili ya watoto wasioweza kukaa chini, na watu wazima wasiokumbuka walikovulia viatu, na familia zinazolazimika kuishi nao. Wifi alikuwa amebandika kikaratasi juu yake: "Nimesoma nikamkumbuka yule wetu." Yule wetu alikuwa binti yangu wa kwanza.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano na yuko darasa la saba, katika shule ile ile ya msingi niliyokuwa nafundisha darasa la pili. Alikuwa amekwisha kurudia darasa mara mbili, na alipokaa kwenye dawati magoti yake yaligonga mbao. Ukimtuma chumvi alirudi baada ya saa mbili na habari kamili ya mtu aliyenunua baiskeli, rangi yake, na jinsi alivyoanguka nayo, ila chumvi hakuwa nayo. Shambani alianza kuchuma chai mstari wetu akamalizia mstari wa jirani, na jirani hakulalamika. Kwenye hesabu alifanya nusu ya kila swali, nusu sahihi kabisa, kisha pembeni akachora kuku.

Na huo mwaka palikuwa na jambo lililoninyima raha. Kila mwisho wa mwaka naibu wa mwalimu mkuu aliandika orodha ya watoto wa darasa la saba wasiofaa kupanda la nane, ili wasije wakaichafulia shule alama kwenye mtihani wa taifa. Binti yangu alijua yuko kwenye orodha hiyo kabla haijaandikwa. Tukiwa tunachuma chai alisema, mikono inaendelea kuchuma, "Mama, wakinirudisha tena sirudi shule. Nitaenda Sotik kwa shangazi nikauze mitumba." Hakusema kwa hasira wala kwa machozi. Alisema kama mtu anayekwambia kesho ni Ijumaa, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa hiyo gazeti nililisoma. Nililisoma kwa kicheko mwanzoni, kwa sababu nusu yake ilikuwa matangazo. Palikuwa na saa ya mkononi inayotetemeka kila baada ya dakika chache, kumkumbusha mtoto kwamba yuko darasani. Sisi tulikuwa na kiboko, nacho kilitetemeka vilevile. Palikuwa na daftari lenye riboni saba za rangi, moja kwa kila siku ya juma, ili mtu mzima ajue leo ni siku gani. Palikuwa na kiti kinachozunguka, kwa mtoto anayependa kuzunguka. Mama mkwe wangu alikitazama kiti hicho kwa muda mrefu, akaniuliza kama huko watoto wanalipwa wakiwa wajinga.

Mawaidha nayo yalikuwa matamu. Weka bakuli karibu na mlango, gazeti lilisema, na kila unapoingia tia funguo humo, hutazipoteza tena. Mlango wetu ulifungwa kwa komeo la mti, na bakuli lolote ukiliacha karibu nao, kuku walitagia humo. Mtengee mtoto kona tulivu ya kufanyia kazi za shule. Kona tulivu ya nyumba yetu ilikuwa ya ndama. Zungumza na daktari wa watoto. Nilimpeleka binti yangu zahanati, nikaeleza kwa ufasaha, na yule bwana alinisikiliza vizuri, akampima joto, akamfunua kope za macho, akampa dawa ya minyoo. Sisemi ilikuwa kazi bure. Minyoo ilitoka.

Mwishoni mwa gazeti palikuwa na maswali ya kujipima, weka alama kwenye kisanduku. Nilimjazia binti yangu, visanduku vikajaa. Kisha kwa uchokozi nikamsomea mume wangu. Mume wangu alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani chai, mtu aliyekumbuka kilo za kila mkulima tangu msimu wa mvua uliopita, lakini aliwahi kwenda Sotik kuuza fahali akarudi na madirisha mawili ya nyumba ambayo hatukuwa na mpango wa kuijenga. Alijibu kila swali ndiyo, bila kusita, huku akijitafuna kucha. Nilipomwambia amemshinda hata mtoto, akakunja uso.

"Huo si ugonjwa," akasema. "Hiyo ni mimi."

Mimi sikujipima. Nilianza, kweli, nikafika swali la tatu, nikakumbuka nina maziwa motoni, na nilipofika jikoni yalikuwa yamekwisha kumwagika zamani.

Lakini katikati ya matangazo yale palikuwa na ukurasa mmoja ambao haukunichekesha. Uliandikwa na mama fulani wa huko, naye alisema tu kwamba mtoto wake si mvivu wala si mkaidi. Anasikia kila kitu kwa pamoja, alisema, na hajui kipi akishike kwanza. Kumchapa hakumsaidii, na kumrudisha darasa ni kumpa tena kile kile kilichomshinda. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Kisha nikalificha gazeti chini ya godoro, kwa sababu mume wangu alikuwa ameanza kung'oa kurasa za nyuma afungie mbegu za sukuma wiki.

Kosa langu lilikuwa kumweleza mama mkwe. Mama mkwe hakuingia darasani hata siku moja, lakini habari ikiingia kwetu, yeye ndiye mtambo wa kuirusha. Kila Alhamisi alasiri alikutana na akina mama wa kanisa, na kwa kuwa baadhi yao walikuwa wametoka Mkoa wa Kati zamani wakafungua maduka pale senta, mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Wakati wa kutoa habari ukafika, mama mkwe akasimama, akapanga kitambaa chake kichwani, akasema, "Pinti yangu ametuma kaseti kutoka Amerika. Hiyo kaseti inaeleza kwa nini mtoto hawezi kukaa chini."

Ni lazima nieleze ulimi wetu, sisi Wakipsigis. G na k kwetu zinabadilishana nguo, b na p vilevile, na z hatuna, tunaifanya s tuendelee na safari. Gazeti ni kaseti, na kaseti nayo ni kaseti. Kwa kawaida halidhuru, kwa sababu mtu akikwambia umpe kaseti unaangalia kama ameketi karibu na redio au anatafuta kitu cha kuwashia moto. Lakini Alhamisi ile mama mkwe hakuwa ameshika kitu mkononi. Akina mama wakarudi makwao wakijua kwamba kwa mwalimu kuna kaseti ya Amerika, ukimwekea mtoto asikilize, anatulia.

Jumapili ibada ilipokwisha waliingia uani kwangu akina mama tisa. Watatu walikuja na watoto wao wa kutulizwa, mmoja ameshikwa mkono kwa nguvu kwa sababu alikuwa amekwisha kuangusha debe la maji. Mbele yao alitangulia mwenye duka la pale senta, mama wa Kikuyu, mnene, mcheshi, amebeba redio kaseti kubwa mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga. Tukasalimiana, chamgei kwa huyu na habari kwa yule, nikaleta viti, viti vikaisha, wengine wakakaa kwenye nyasi.

"Mwarimu," akasema mwenye duka, "nimereta redio, na betiri ni mpya. Tuwekee."

"Niweke nini, mama?"

"Kaseti."

"Si kaseti," nikasema. "Ni gazeti."

"Ndiyo," mama mkwe akadakia. "Kaseti."

Binti yangu alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi, na nilimsikia akiguna kwa kuzuia kicheko. Nikaingia ndani, nikalitoa gazeti chini ya godoro, nikaliinua juu wote walione. Walilitazama. Mbwa wa Kizungu aliwachekea. Mama mkwe akapiga makofi mara moja, ameridhika.

"Si ndio hiyo nilisema," akawaambia.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, watu wacheke, wanywe chai, waende zao. Lakini mwenye duka alikuwa mfanyabiashara. Alisema betri amekwisha kuzitoa kwenye karatasi, na betri ikitolewa kwenye karatasi hairudi dukani. "Basi usome wewe na mdomo," akasema, "sisi tunarekodi. Si itakuwa kaseti?" Akatumbukiza mkono kwenye mkoba, akatoa kaseti ya kwaya ya kanisa, akaiingiza, akabonyeza. Sura zote zikanigeukia. Nami, badala ya kukataa, nikajikohoza, nikanyoosha blauzi, nikajisikia mtangazaji wa redio ya taifa.

Nilianza na dalili. Nilisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kutafsiri kwa sauti. Anaanza kazi na haimalizi. "Huyo ni mzee yangu," akasema mmoja. Anajibu kabla swali halijaisha. "Huyo ni pasta." Anaonekana anakusikiliza lakini hayupo. Hapo walitazamana kwa muda, kila mmoja na wake akilini, na yule mtoto wa debe la maji akapata nafasi ya kutoroka. Nilipofika jina la ugonjwa nilikwama. Kwa Kiingereza jina lilikuwa na neno ambalo sisi tulilijua sehemu moja tu, kwenye paredi asubuhi, mwalimu anapopaza sauti, "Shule, atensheni," na miguu mia mbili ikagonga ardhi. Sikuwa na neno jingine karibu. Nikasema ni upungufu wa atensheni. Wakaitikia kwa vichwa. Wote walielewa kwamba ni mtoto asiyeweza kusimama wima.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa yule mama, na hapo gazeti likanitoka mikononi, yaani nililishika lakini sikulisoma tena. Nilihubiri. Nilisema mwalimu anayempiga mtoto wa namna hii anampiga kipofu kwa sababu haoni. Nilisema shule inayomrudisha mtoto darasa mwaka baada ya mwaka inaficha uvivu wake yenyewe. Nilisema siku moja watoto hawa watatuuliza, nasi tutakosa la kujibu. Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwamo gazetini. Yalikuwa yangu, yalitoka matamu, na akina mama wawili walifuta macho. Binti yangu pale mlangoni alikuwa ameacha kupukuchua. Niliona, nikafikiri amefurahi.

Mwenye duka akarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi, lakini maneno yalisikika yote, hadi pale nilipomaliza, na kwaya iliyokuwa imefunikwa chini ikalipuka katikati ya ubeti wakiimba haleluya. Akina mama wakasema amina. Waliondoka na kaseti, na sikuiona tena kwa majuma mawili.

Nilisikia habari zake, hata hivyo. Ilipita nyumba kwa nyumba kwenye mashamba ya chai, ikaazimwa hadi upande wa Kabianga, ikarudi. Jirani alinisimamisha njiani akaniambia kwa shukrani, "Mwalimu, nimeshika maneno yako. Tusipike watoto." Nikamwambia ndiyo, tusiwapike. Watoto wenyewe walishika somo kwa haraka kuliko wazazi. Mmoja alitumwa maji akamjibu mama yake kwamba kaseti imesema ana upungufu. Mume wangu alirudi kutoka kituoni akasema wakulima wawili walikuwa wakibishana kwenye mizani, na mmoja alimwambia mwenzake aende kwa mke wa karani akawekewe kaseti. Alinieleza hayo kwa ukali, kisha katikati ya ukali akakumbuka kitu kingine akatoka.

Baada ya majuma hayo mawili naibu wa mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mkewe alikuwa mmoja wa wale walioazima.

Naibu alikuwa mtu wa karatasi. Kwake yeye jambo lisiloandikwa lilikuwa halijatokea, na likishaandikwa lilikuwa kweli hata kama halijatokea. Kalamu zake zilipangwa mfukoni kwa urefu. Mezani palikuwa na orodha ya watakaorudia darasa la saba, imepigwa mistari kwa rula, na kando yake redio kaseti. Hakunisalimia sana. Alibonyeza, na ofisi nzima ikajaa sauti yangu ikisema kipofu anapigwa kwa sababu haoni. Akazima.

"Madam, kaa," akasema. "Huyu mwalimu anapiga kipofu ni nani?"

Nikasema nilikuwa nazungumza kwa jumla.

"Na shule inaficha uvivu yake. Hiyo shule ni gani?"

Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuomba radhi nitoke, au kusema nililokuwa nalo kifuani. Orodha ilikuwa mbele yangu, na hata ikiwa imegeuzwa juu chini nililiona jina la binti yangu, la tatu kutoka juu. Nikasema. Nikamwambia binti yangu yuko kwenye orodha yake, kwamba ana tatizo lile la kwenye kaseti, kwamba akirudishwa tena hatarudi shule, ataishia kuuza mitumba Sotik kabla hajafikisha miaka kumi na sita, na mimi mama yake sitakubali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu hiyo.

"Nimemchunguza paredi siku tatu," akasema. "Atensheni yake haina shida. Anasimama wima kabisa." Kisha akainuka, akafungua kabati la chuma. "Na hii orodha, Madam, sikuota. Mimi nafuata rekodi."

Alitoa faili la binti yangu, akalifungua kuanzia mwanzo, akaligeuza linielekee. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ripoti ya darasa la pili. Sikuhitaji kusoma jina la mwalimu. Nilizijua zile herufi, k yenye mkia mrefu ninayowakataza wanafunzi wangu. Niliandika: "Mvivu. Hasikilizi. Arudie darasa." Chini yake nikatia sahihi, na sahihi ilikuwa nzuri, ya mtu asiye na shaka.

Naibu alifungua ukurasa uliofuata. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameandika: "Mvivu. Hasikilizi." Wa darasa la nne: "Mvivu, hasikilizi." Wa la tano akaongeza kwamba arudie, na wa la sita akabadilisha kidogo, akaanza na hasikilizi ndipo akamalizia na mvivu, labda ili asionekane amenakili. Miaka yote hiyo hakuna aliyemtazama mtoto. Walifungua faili, wakatazama ukurasa uliotangulia, na ukurasa uliotangulia wote ulikuwa wangu.

"Mimi niliwauliza," naibu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa pole. "Waliniambia, kama mama yake mzazi amesema ni mvivu, sisi ni nani?"

Niliona aibu. Naandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu sina la kulipamba. Masikio yaliwaka moto, na nilitamani hata ile kwaya ilipuke ifunike ofisi. Nakumbuka vizuri kwa nini niliandika vile. Nilikuwa mwalimu mpya, na mtoto wangu akaangukia darasa langu, na niliogopa wenzangu wasije wakasema ninampendelea. Kwa hiyo nilihakikisha hakuna atakayesema. Nilimchapa kuliko wenzake, nikampunguzia alama palipokuwa na shaka, na mwisho wa mwaka nikamrudisha, nikaenda nyumbani nikiwa na amani ya mtu mwadilifu. Walimu wenzangu walinisifu sana.

"Huyo mwalimu wa darasa la pili alikosea," nikasema.

"Andika."

"Nimekuambia."

"Umeambia mimi," akasema, akisukuma karatasi na kalamu ndefu kuliko zote mfukoni. "Hujaambia faili."

Nikaandika. Niliandika kwamba mimi, niliyekuwa mwalimu wake wa darasa la pili, nilikosea kuhusu mwanafunzi huyu, kwamba si mvivu, na kwamba naomba apandishwe hadi darasa la nane pamoja na wenzake. Naibu alisoma mara mbili, akanisahihishia koma, akatabasamu. Alikuwa ameona faida yake. Sasa kosa lilikuwa na mwenyewe, lina tarehe na sahihi, na mwenyewe hakuwa yeye. Alichukua rula akalikata jina la binti yangu kwenye orodha kwa mstari mmoja ulionyooka. Na nisije nikamweka mtu roho juu: alipanda darasa la nane, alifanya mtihani mwaka uliofuata, na alama zake zilimfikisha shule ya upili ya kutwa bila mtu kumbeba. Naibu aliliambia baraza la wazazi kwamba shule ilimvumilia.

Lakini siku ile barua ilihitaji muhuri wa mwalimu mkuu, ambaye ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Naibu akatuma aitwe binti yangu darasani. Nikamwomba atume mtoto mwingine, au anipe bahasha. "Apeleke mwenyewe," akasema, "ni mambo yake." Akamkabidhi karatasi ikiwa wazi.

Tulimwangalia dirishani. Alipofika katikati ya uwanja akasimama. Naibu akacheka kidogo, akasema, unaona sasa, karatasi moja na hatua mia, na bado amesahau anakokwenda. Mimi sikucheka. Alikuwa ameiinua barua karibu na uso, anasoma. Lori la chai likapita barabarani likipiga honi, darasa zima lililokuwa kwenye somo la michezo likageuza vichwa, yeye hakugeuka. Alisoma hadi chini, akarudi juu akasoma tena, ndipo akaendelea na safari yake.

Jioni nilikuwa nakamua, naye amemshika ndama pembeni asije akanyonya kabla ya zamu yake.

"Mama, ile barua nimesoma."

"Ilikuwa ya mwalimu mkuu."

"Ilikuwa wazi." Akamkuna ndama shingoni. "Umeandika ulikosea."

"Ndiyo. Nilikosea."

"Umeandika kosa moja."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, au anahesabu kama mwalimu wa hesabu, na nilikuwa na furaha kwamba amepanda darasa na jambo limekwisha. Nikamuuliza bila kuinua kichwa, "Kwani yalikuwa mangapi?"

Hakukasirika. Alianza na siku ya penseli, ambayo mimi sikuikumbuka. Ilikuwa Jumanne, mvua ilikuwa inanyesha, na alikuwa anaangalia kinyonga kwenye dirisha nilipomchapa viganja vyote viwili kwa kupoteza penseli. Halafu siku nilipomsimamisha mbele ya darasa nikawaambia wenzake wasiwe kama huyu. Halafu siku alipomaliza hesabu zote kumi, zote sahihi, nami nikamuuliza amenakili kwa nani, na akataja msichana aliyeketi karibu naye kwa sababu aliona ndilo jibu nililotaka, na msichana yule nikamchapa pia. Halafu siku nilipomwambia baba yake, tukiwa tunakula, kwamba kichwa cha huyu kimejaa maji, na wageni walikuwepo, akawataja wageni. Alikwenda kwa mpangilio, siku kwa siku, na hali ya hewa ya kila siku. Hakuruka hata moja, na hakuacha moja katikati akaanza nyingine. Ng'ombe alikuwa ameishiwa maziwa kitambo, nami nilikuwa bado nimeshika chuchu, nikingoja afike mwisho. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia darasa la tatu.